Saa ya Baba Haikuanguka

Dobi la hospitali,
3 Februari

Kaka,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, kama nitazikumbuka. Nakuandikia kwa sababu simu umenikatia mara mbili, na barua haikatwi katikati. Hata ukiichana, macho yatakuwa yameshapita.

Picha yako imefika. Niliiangalia nikiwa nimempakata Bibi Kelele. Akaniuma ziwa kwa yale meno yake mawili mapya, na sikusikia. Ndivyo nilivyopandwa na hasira.

Kaka, nani ameisimamisha ile nondo ya saa ya Baba?

Umeandika nyuma ya picha, "Saa ya jua ya marehemu baada ya ukarabati." Ukarabati wa nini? Ilikuwa imeharibika wapi? Mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na moja pale pale shuleni ilipo saa yake. Aliyeandika gazetini kila Jumatano, akiitwa Mwalimu Kivuli, mpaka wauza mkaa wakajua kwa nini mwezi unapungua. Siku jua lilipopatwa aliwapanga watoto uwanjani na chekeche la unga, na kila tundu likaangusha chini kijua kidogo kilichomegwa. Mtu huyo atengeneze saa yake ya mwisho halafu aiache imepinda? Ulishamwona Baba na shati lisilopigwa pasi?

Mmepaka rangi ya dhahabu. Haya, rangi nawasamehe. Lakini ile nondo ilikuwa imelala juu ya miguu yake miwili ya chuma, na nyinyi mmekata miguu, mkaisimamisha katikati ya bamba lenye mistari ya saa kama askari wa gwaride.

Tarehe 17 mnamkumbuka, mwaka mmoja tangu atutoke. Watoto wa shule watakuwepo. Kabla ya siku hiyo, ilazeni. Usiniulize kwa nini. Laza tu.

Mdogo wako

Salamu sina.


Stoo Kuu ya Vifaa,
9 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako ya tarehe 3 nimeipokea na yaliyomo nimeyaelewa, ikiwa ni pamoja na matusi.

Kwa kuwa wewe uko huko na mashuka yako, na mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya kumbukumbu, ngoja nikueleze hali halisi. Ile nondo ilikuwa imeanguka. Watoto waliikalia, au mzee mwenyewe aliipinda, kisha akaichomekea vyuma viwili chini isifike kwenye bamba. Kila aliyepita pale alikuwa anaona aibu kwa niaba yetu. Nimetazama vitabu vya maktaba, vyote. Saa ya jua katika kila picha imesimama. Na umesahau ile ya kwanza, fimbo aliyoichomeka kwenye kopo la rangi lililojaa mchanga, tukiwa wadogo? Ilikuwa imesimama wima. Ile ndiyo saa ya Baba ninayoikumbuka mimi.

Ukweli ambao hutaki kuusikia ni huu: mwaka wake wa mwisho Baba hakuwa yule. Ulitaka nifanye nini? Mzee wa miaka sabini na minne anapanda kwenye stuli na keekee ya umeme ya kutobolea chuma mkononi, jua la saa sita, anazungumza peke yake. Niliichukua ile keekee nikaifungia hapa stoo. Hakunisemesha mwezi mzima. Wewe uliondoka na tumbo lako ukaniachia mzee, mimi ndiye niliyekuwa nambeba kumpeleka bafuni. Leo unanifundisha kumheshimu?

Tarehe 17 anakuja Afisa Elimu. Saa itasimama. Jina la mtu halilazwi.

Kaka yako

Mbusu mtoto. Yeye hana kosa.


Karakana,
20 Februari

Dada,

Shikamoo hunidai wala sikudai, tulikaa dawati moja. Ni mimi, fundi wa kuchomelea wa ng'ambo ya shule, niliyekuwa nakuibia majibu ya hesabu hadi baba yako akanihamishia mbele.

Najua kaka yako hatakuandikia yaliyotokea Jumamosi, kwa hiyo naandika mimi.

Watu walijaa. Kaka yako alihutubia vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Ikafika saa nne kamili, akamwomba Afisa Elimu asome saa ya marehemu mbele ya watu wote. Afisa akainama. Akavaa miwani. Akavua miwani. Kivuli kilikuwa kimelala kukatisha mistari yote: kimepita saa tano, kimepita saa nne, kimepita saa tatu, ncha imegusa saa mbili. Halafu kabinti kamoja ka darasa la nne, sauti kama kengele, kakasema, "Ni saa ngapi sasa? Zote!"

Dada, walicheka. Uwanja mzima. Na vicheko vya watoto unavijua, ukivizima huku vinalipuka kule. Mmoja akasema, "Kumbe Mwalimu Kivuli alikuwa hajui saa!" Afisa akapiga makofi mawili matatu, akasema marehemu alijitahidi.

Alijitahidi! Neno hilo linaandikwa kwenye ripoti ya mtoto aliyeshika mkia.

Sasa mwalimu mkuu anasema muhula ukifungwa, tarehe 5 Aprili, nguzo ya saa ile inang'olewa, atatundika saa ya betri ukutani. Anasema kitu kisichofanya kazi shuleni kinafundisha watoto uongo.

Na mimi nina langu la kukiri. Aliyeikata miguu ni mimi. Kabla ya kukata nilimwambia kaka yako, "Bosi, mbona vyuma hivi vimepimwa vizuri hivi, mtu wa kuchomekea tu hahangaiki namna hii?" Akaniambia, "Fundi, mzee alishachanganyikiwa, wewe kata." Nikakata. Miguu nikaitupa kwenye vyuma chakavu, gari la chakavu likapita. Vipimo sina. Tangu Jumamosi nikiona ile nguzo nazunguka njia ya nyuma.

Fundi


Dobi la hospitali,
2 Machi

Kaka,

Fundi ameniambia. Usimgombeze, angalau yeye ana aibu.

Nimekaa siku kumi bila kuandika ili hasira ipoe. Haikupoa, imeganda tu. Kwa hiyo kaa chini.

Baba hakuchanganyikiwa. Nilikuwepo. Zile Jumapili nne kabla sijaondoka, wakati wewe ukidhani nimempeleka kupunga upepo, tulikuwa uwanjani pale shuleni. Yeye anapima, mimi nimeshika kamba, tumbo limenitangulia kama meza. Alikuwa anazungumza peke yake kwa sababu alikuwa anahesabu kwa sauti! Wewe ukihesabu mabomba huko stoo huhesabu kwa sauti? Nani amekunyang'anya kalamu?

Saa ile ilikuwa imelazwa kwa makusudi. Sikiliza. Dunia inajizungusha kama gurudumu kwenye ekseli. Nondo ya saa ya jua lazima ielekee sawasawa na ile ekseli, hapo ndipo kivuli chake kinasema kweli mwaka mzima. Waliochora vitabu vyako wanaishi mbali na sisi, kwao ekseli ya dunia imeinuka juu, ndiyo maana nondo zao zimeinuka. Sisi jua linatupita utosini. Kwetu ekseli imelala. Karibu ilale kabisa: upande mmoja umeinuka kidole kimoja tu kuliko mwingine. Saa ya jua si kitanda, Kaka, ambacho unahama nacho nyumba yoyote kikalalika.

Na ile mistari ya kwenye bamba, hukujiuliza kwa nini imekwenda sambamba kama ya daftari, haikutawanyika kama kwenye picha zako? Ni kwa ajili ya kivuli cha kitu kilicholala. Kinahama mstari hadi mstari, mzima mzima, kama mtu anayevuka matuta.

Huniamini, najua. Mimi wa kidato cha nne, mfua mashuka. Njoo huku nyuma ya dobi basi. Kamba yangu moja ya kuanikia inatoka kusini kwenda kaskazini, imelala vile vile. Nimechora mistari ya chaki kwenye sakafu chini yake. Wauguzi wakitoka kupumua wananiuliza, "Mama Kelele, kamba inasemaje?" Nawaambia saa, wanatazama simu zao, wanaitikia kwa kichwa. Hapa hakuna anayesema Baba alijitahidi.

Nenda pale shuleni saa nne, siku yoyote yenye jua. Tazama ncha ya ule mnara wako wa dhahabu inagusa wapi. Itagusa saa mbili. Nenda kesho yake. Itagusa saa mbili. Nondo ina sentimita arobaini na tano, miguu ilikuwa kama kumi na tano. Umeipandisha kimo mara tatu, na kivuli kimekua mara tatu. Pima. Usiniamini, pima.

Watoto wale wamerudi nyumbani wakijua jambo moja tu kuhusu baba yetu, nalo ni uongo, na umewafundisha wewe.

Mdogo wako


Stoo Kuu ya Vifaa,
16 Machi

Mdogo wangu,

Nimepima. Siku saba, mawingu yakaniharibia mbili. Siku tano zote, saa nne, kivuli kinagusa saa mbili. Siku tano nimesimama pale na rula kama mtoto aliyepewa adhabu, walimu wakinichungulia dirishani.

Umeshinda. Furahi.

Sasa nijibu na mimi swali moja. Mbona hukuniambia?

Ulishika kamba Jumapili nne. Ulirudi nyumbani tukala meza moja. Ulisikia nikisema mzee amezeeka vibaya, ukanisogezea chumvi. Mwaka mzima wa simu, "Kaka hujambo, Kaka mafua yamepona." Hata Februari uliniandikia, "Usiniulize kwa nini." Nani anamwandikia mtu hivyo? Kama ungeniandikia ile habari ya ekseli siku ile badala ya kunitukana, Afisa Elimu asingevua miwani.

Na Baba naye. Leo nasema, na mbingu zianguke. Kila Jumatano gazetini aliandika "kuuliza si ujinga." Aliwaeleza wauza mkaa. Aliwaeleza makondakta. Watu nisiowajua walilia kwenye mazishi wakasema, "Alinifungua macho." Mimi nilifeli hesabu darasa la saba, mtoto wa Mwalimu Kivuli, matokeo yakasomwa mstarini shule nzima. Nilirudi nyumbani nikangoja anieleze nilikosea wapi. Akaninyamazia wiki nzima. Wiki nzima! Aliweka lile kopo lake la mchanga mlangoni na fimbo yake akakaa analitazama. Tangu siku hiyo sikumuuliza kitu. Na yeye hakuniambia kitu. Nchi nzima alikuwa na maneno nayo, mimi tu ndiye niliyekosa.

Kwa hiyo nilipoiona ile nondo imelala, ndiyo, niliona mzee mgonjwa. Ningeona nini kingine? Mlikuwa na siri, nyinyi wawili, mkaniacha nikawe kichekesho.

Tarehe 5 wanang'oa. Fundi hana vipimo. Mimi sina. Kama wewe unavyo na umevikalia, basi vikalie vizuri.

Kaka yako


Dobi la hospitali,
22 Machi

Kaka,

Nimesoma barua yako nimekaa juu ya furushi la mashuka machafu, hapakuwa na kiti karibu.

Nitakujibu, na sitajitetea. Jumapili ya tatu nilimwambia, "Baba, Kaka anadhani umechanganyikiwa, mweleze." Akasema, "Mwache. Akikiona kivuli kikifanya kazi, atakuja mwenyewe kuuliza." Nikamwambia, "Na asipokuja?" Akavuta kamba tu, akasema, "Shika vizuri, unalegeza."

Nikashika vizuri. Hilo ndilo kosa langu. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, miguu imevimba, nikaona ugomvi wenu ni mkubwa kuliko mimi. Na nikuambie la ndani kabisa? Nilipenda. Nilipenda kwamba safari hii mimi ndiye ninayejua na wewe hujui. Mtoto wa mwisho hapewi kitu cha peke yake nyumba ile hata sabuni. Nikapewa siri, nikaikumbatia. Nisamehe kwa hilo.

Lakini kwa kumfungia mzee keekee yake stoo sijakusamehe bado. Usichanganye mafaili.

Na Baba nimemkasirikia pia, kama inakusaidia. Nilikuwa namfulia Bibi Kelele nguo nikamgombeza Baba kwa sauti, mtoto akaacha kulia akanitazama. Kungoja mtoto aje kuuliza! Huyu wangu akishindwa kitu nitamwambia hapo hapo, hata kama mikono yangu ina povu.

Sasa vipimo. Fungua bahasha ndogo. Hiyo ndiyo kamba yenyewe. Ilikuwa imeshikilia chandarua cha mtoto, nimeifungua leo nikafunga chandarua kwa kitambaa cha shuka. Ina mafundo mawili, amefunga Baba. Toka kwenye ncha iliyochomwa moto hadi fundo la kwanza ni urefu wa mguu mfupi. Hadi fundo la pili ni mguu mrefu. Mguu mrefu unakaa kaskazini. Nondo ilale juu kabisa ya mstari wa saa sita, Fundi asiniletee habari za "karibu na." Hakuna kamba nyingine, Kaka. Ikipotea, imepotea.

Mkimaliza, ikitofautiana na saa yako ya mkononi kidogo, usichukue nyundo. Iko sababu.

Siwezi kuja. Mtoto ana homa ya meno na zamu yangu haina mtu wa kunishikia. Fanya wewe. Kamba ishike wewe mwenyewe, si mtu mwingine.

Mdogo wako


Nyumbani,
31 Machi

Mdogo wangu,

Tumeilaza.

Jana, Jumamosi. Fundi alikata nondo kwenye shina, akatengeneza miguu mipya, mimi nikashika kamba. Alinigombeza mara tatu kwamba nalegeza. Keekee niliyotobolea matundu ni ile ya Baba. Niliitoa stoo mwenyewe, ilikuwa na vumbi la mwaka mzima, nikaifuta kwa shati langu. Sikuandikii hili ili unisamehe. Nakuandikia ujue iko wapi.

Mwalimu mkuu alikuja na watoto waliokuwa wanafagia. Yule binti wa sauti ya kengele alikuwepo. Akaitazama nondo, akanitazama mimi. "Mbona mmeilaza? Imechoka?" Watoto wakacheka. Nikamwambia asubiri. Kivuli kilikuwa chembamba, kizima, kimenyooka sambamba na mistari, hakikatishi hata mmoja. Kikasogea, kikasogea, kikakaa juu ya saa tano kama kifuniko kwenye chungu. Binti akapiga kelele, "Saa tano!" Fundi akageuka upande wa ukuta. Nadhani alikuwa analia, yeye anasema ni moshi wa kuchomelea.

Lakini mwalimu mkuu akanyoosha mkono, saa yake ya mkononi ikasema saa tano na dakika saba. Yangu pia. Akasema, "Bado inakosea." Fundi akashika nyundo, akasema tuisukume kidogo tu, Bosi, kidole nusu. Nikamshika mkono.

Mwalimu mkuu amesema nguzo itabaki kama nitamweleza zile dakika saba zinatoka wapi, na maelezo yawe ya kumtosha mtoto wa darasa la nne. Amenipa mpaka siku ya kufunga shule. Nimekaa na daftari tangu jana. Sijui zinatoka wapi.

Wewe ulisema iko sababu, ukaishia hapo. Umeanza tena?

Nakuuliza. Dakika saba zimekwenda wapi? Nieleze kama mtu asiyejua, kwa maana sijui. Usininyamazie.

Kaka yako


Dobi la hospitali,
2 Aprili

Kaka,

Salamu kwanza. Hujambo? Mimi sijambo, Bibi Kelele homa imeshuka, jino la tatu limetoka na anakusalimia kwa kelele. Barua hii nampa dereva wa hospitali anayekuja huko kesho, posta siiamini.

Chukua daftari. Baba alinieleza mara moja tu na sikuelewa yote, kwa hiyo nikifika mahali nisipojua nitakuambia sijui.

Saa yako ya mkononi inadhani kila siku ina urefu ule ule. Jua halijui habari hiyo. Dunia inalizunguka jua katika njia ambayo si duara kamili, basi miezi fulani inakimbia na miezi fulani inakokota, na tena imeinama upande. Kwa hiyo kuna siku jua linachelewa kufika utosini na siku linawahi. Watu wakachukua wastani, wakatengeneza saa za mkononi kwa wastani huo. Saa ya Baba haifuati wastani. Inafuata jua lenyewe la siku hiyo. Na kuna dakika nyingine zinatokana na kwamba nchi nzima tunafuata saa ile ile, wakati jua linafika mashariki kabla ya magharibi. Mwambie yule binti hivi: saa ya ukutani ni kama mtu anayesema "kwa kawaida huwa nakula saa saba." Saa ya jua ni tumbo lenyewe.

Kwa hiyo hakuna kilichokosea. Mwezi ujao dakika zitapungua. Ukitaka kuthibitisha, nenda kila Jumamosi uandike tofauti, mwaka mzima, halafu mwite yule binti achore. Baba alisema mchoro wake unapanda na kushuka kama milima miwili. Kwa nini miwili na si mmoja, hapo ndipo sijui. Ukijua wewe, niandikie.

Mahali ambapo hujaelewa, uliza. Uliza hata mara kumi.

Kamba usiirudishe. Chandarua kimezoea kitambaa.

Na ile rangi ya dhahabu itoeni. Nilisema nawasamehe, nilikuwa nadanganya.

Mdogo wako